Ancestors, Primal au ARK? Hela yangu inatosha gemu moja tu

Kijana_wa_Koboko
Habari za jioni wadau. Nina PS4 (mashine ya gemu) ya mtumba na hela ya kununua gemu moja ya zama za kale, si mbili. Zinazonivutia ni tatu: Ancestors: The Humankind Odyssey, Far Cry Primal na ARK.

Hiyo Ancestors nimeionja kwa binamu yangu Arua na kichwa bado kinazunguka. Mwanzoni kabisa wanakwambia hawatakusaidia sana, na kweli hawakusaidii. Hakuna wa kukutuma kazi wala mshale wa kukuonyesha njia. Unajikuta u mtoto wa nyani, aliyekubeba ameshauawa, na kila kichaka kinaguna kama kinataka kukutafuna. Ukipata pa kujificha, unahamia kwa mkubwa wa ukoo anayemtafuta huyo mtoto kwa kunusa na kutega sikio. Binamu alichoka mapema akashika simu yake. Mimi pedi sikutaka kuiachia, ila sijui kama gemu ni nzuri au ni ugeni wake tu. Mliozicheza, semeni.

FundiPedi
Chukua Primal, usijitese. Ni ya kampuni ya Ubisoft, ya 2016, na inajua mchezaji anataka nini. Wewe ni Takkar, mwindaji wa kabila la Wenja, miaka 10,000 kabla ya Kristo. Unafuga mbwa mwitu, dubu, hata paka mwenye meno ya jambia, na bundi anakupelelezea kambi ya adui kutoka angani. Rungu unaliwasha moto, usiku unapita nalo katikati ya mbwa mwitu. Hata lugha yao ilitungwa na wataalamu wa isimu, kwa hiyo soma maandishi chini ya skrini.

Ancestors nayo nilikuwa na hamu nayo, maana mtunzi wake ni Patrice Désilets, yule wa gemu ya kwanza ya Assassin's Creed. Lakini banange! Kunywa, kula, lala, nusa, amka, nusa tena. Ukihamia mahali papya unaanza kunusa upya.

Dada_wa_Kasese
Kaka FundiPedi, hicho unachokiita kuchosha ndiyo gemu yenyewe.

Tazama hili. Unavunja tawi. Lina majani, halifai kitu. Mwanzoni hata kulihamisha kutoka mkono mmoja kwenda mwingine huwezi, ubongo haujafika huko. Ukishafika, unalishika kwa mkono huu, unapurura majani kwa ule, inabaki fimbo tupu. Unaichomeka kwenye kichuguu, unaitoa imejaa mchwa, unalamba. Hakuna aliyekwambia. Baadaye unagundua kwamba jiwe linaweza kuichonga fimbo hiyohiyo ikapata ncha, na siku hiyo paka wa meno marefu anakukuta mtu mwingine kabisa.

Halafu kuna habari ya watoto, ambayo mimi ndiyo imenimaliza. Ubongo haukui ukitembea peke yako, lazima uwe na mtoto mgongoni. Ukimwacha nyumbani yuko salama lakini hujifunzi kitu. Ukimbeba, chatu akiwavizia mmo hatarini wote wawili. Primal haijawahi kuniuliza swali gumu kama hilo.

Nansana_Boy
Mbona ARK mnaipita tu? Unaamka ufukweni huna nguo, unapiga miti ngumi upate mbao, baadaye umepanda dinosaria. Raha yake ni kucheza na washikaji. Hata kwenye simu ipo tangu 2018.

Sitakudanganya lakini, ni nzito. Kwenye kompyuta inaomba nafasi ya GB 60, na kwa bei zetu za bando utalia. Kufuga mnyama mmoja mkubwa kunaweza kula jioni nzima, labda ucheze peke yako upunguze muda kwenye mipangilio. Na mtandaoni ukilala, wenzako wanakuja kubomoa nyumba yako.

Mwalimu_Masindi
Nawasalimu wote. Mimi si mchezaji, wanangu ndio wachezaji, mimi hutazama nyuma ya kochi.

Hilo la mchwa na kijiti halikubuniwa, sokwe hulifanya kweli. Hapa kwetu Uganda, wa msitu wa Budongo hutafuna majani wakayafanya sifongo ya kunyonya maji kwenye mashimo ya miti. Sokwe wa msitu wa Kibale hutumia vijiti kufikia asali, wa Budongo hawana desturi hiyo. Kila jamii na ujuzi wake. Ndiyo maana napenda jinsi gemu ilivyoliweka: kizazi kikipita, maarifa ambayo hukuyakaza yanafutika.

Inaanza miaka milioni 10 iliyopita na kuishia milioni 2. Kila ukivuka hatua inakupima na visukuku halisi (mabaki ya viumbe wa kale), kama umewahi au umechelewa. Kimojawapo ni cha Orrorin, kiumbe wa kale aliyepatikana Baringo, Kenya, mwaka 2000. (Moroto yetu ina Morotopithecus, nyani wa kale wa zaidi ya miaka milioni 20, huko gemu haikufika.) Ninachokataa ni kuyafanya mageuzi mbio za reli moja, kwamba ukikazana unawahi kituoni. Mti wa ukoo wetu una matawi mengi yaliyokauka.

Kijana_wa_Koboko
Asante sana Mwalimu. Dada wa Kasese, swali: umeme ukikatika katikati ya mchezo?

Dada_wa_Kasese
Inajihifadhi yenyewe, unapoteza kidogo tu. Cha kuogopa ni ukoo kufa wote, hapo unarudi kule mwanzo, miaka milioni 10. Kwa hiyo usiende safari ndefu na watu wawili. Zalisha kwanza. Na ukiumwa ukivuja damu, usikimbie ovyo, jifunze mapema ni mmea gani unaoizuia.

Kijana_wa_Koboko
Basi hela inaenda Ancestors. FundiPedi, diski yako ya Primal unaiazimisha?

FundiPedi
Siazimishi, nabadilishana. Njoo na diski yako, na usiniletee FIFA ya zamani.