Aliyemwachisha dada yangu insulini hashtakiki popote. Serikali inasubiri nini?

Wakuu, hii ni wiki ya tatu najizuia kuandika kwa hasira. Hasira haijapungua, basi naandika nayo hivyo hivyo.

Dada yangu ana kisukari cha aina ya kwanza. Kongosho lake halitengenezi insulini, anajichoma sindano tangu utotoni. Amechoka, na namwelewa. Rafiki yake akampeleka kwa mtabibu wa homeopathia, tiba ya dawa zilizozimuliwa kupita kiasi. Mtu yule alimsikiliza zaidi ya saa nzima: usingizi wake, ndoto zake, hofu zake, anachotamani kula, kama anasikia baridi au joto. Alirudi uso umechangamka. Akaniambia, "Kaka, leo ndiyo mara ya kwanza mtu ananiuliza habari zangu mimi, si za sukari yangu." Neno hilo liliniuma na linaniuma bado. Kliniki unakaa foleni asubuhi nzima, ukiingia kwa daktari dakika tano umeshatoka. Hospitali zinazolalamika kwamba wagonjwa wanakimbilia kwingine zianze kujitazama hapo.

Alipewa kichupa cha vidonge vyeupe vidogo na maelekezo ya mdomo: punguza insulini kidogo kidogo, mwili ujifunze kujitegemea. Akapunguza, mwisho akaacha. Haikuchukua muda akaanza kutapika, kiu haiishi, anahema kwa nguvu kama aliyetoka kukimbia, pumzi inanuka kama matunda yaliyochacha. Akampigia yule mtu simu. Jibu alilopewa ndilo lililonileta hapa: "Usiogope. Dalili zikizidi ujue dawa imeanza kazi."

Nilimkuta hajitambui. Hospitali walisema damu yake imejaa asidi kwa kukosa insulini, na kwamba tungechelewa kidogo tu tungempoteza. Yuko hai, namshukuru Mungu.

Nikaanza kuzunguka na malalamiko yangu. Ofisi ya kusimamia madaktari: huyo si daktari, hatuna jalada lake. Ofisi ya dawa: hivyo ni vidonge vya sukari tu, havituhusu. Vidonge vya sukari! Kwa mgonjwa wa kisukari! Ofisi ya leseni: leseni yake ya biashara ni halali na hadaiwi. Polisi wakauliza kama kuna karatasi aliyoandika akimwambia aache insulini. Hakuna. Yule mtu hakuandika hata mstari mmoja, na hakuna sheria iliyomlazimisha kuandika. Kwa hiyo kuna mtu anampokea mgonjwa, anamhoji, anampa dawa, anamwamulia kuhusu sindano inayomweka hai, halafu anatambulika kisheria kama mfanyabiashara tu.

Sasa nisikilizeni kuhusu huu mjadala wa kama watabibu hawa wasajiliwe na kudhibitiwa kisheria, maana pande zote mbili zimenichosha.

Upande wa kwanza wanasema msiwasajili hawa, mkiwasajili mmewapa heshima ambayo tiba yao haistahili. Kuhusu tiba yenyewe sibishani nao. Mwanzilishi wake, Samuel Hahnemann, daktari wa Ujerumani, alitangaza mwaka 1796 kwamba kinacholeta dalili kwa mtu mwenye afya ndicho kitakachomponya mwenye dalili hizo. Dawa inachanganywa sehemu 1 kwa 99 za maji au pombe, unatikisa, unachukua sehemu 1 ya mchanganyiko huo unarudia tena. Ukiona kwenye chupa 30C maana yake imefanyika mara 30. Ukishapita mara ya 12 hivi, huna tegemeo la kukuta hata molekuli moja ya kile ulichoanza nacho. Baraza la utafiti wa afya la Australia lilitoa ripoti mwaka 2015 baada ya kupitia tafiti 176, likasema hakuna ugonjwa hata mmoja ambao kuna ushahidi wa kuaminika kwamba homeopathia inautibu. Ufaransa iliacha kurudishia wananchi gharama zake mwaka 2021.

Sawa. Lakini hayo yote yanahusu chupa na fedha. Mtu aliyeshika chupa je? Uingereza, kamati ya Bunge ilishasema mwaka 2010 kwamba dawa hizi hazina nguvu kuliko kidonge kitupu, na bado leo mtu yeyote kule anaweza kujiita mtabibu wa homeopathia bila sheria kumtaka ajisajili. Kumwacha bila usajili hakukumwondolea heshima machoni pa wagonjwa. Kumemwondolea uwajibikaji.

Na msiniambie "ni maji tu, yatadhuru nini". Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipima vidonge vya homeopathia vya watoto wanaoota meno, ikakuta kiasi cha beladona, mmea wa sumu, hakilingani, mara nyingine kimepita mbali kile kilichoandikwa. Kwa dada yangu hata kidonge hakikuwa na kosa. Kilichomwangusha ni maneno.

Upande wa pili ni watabibu hao wenyewe wanaotaka wasajiliwe kwa mafunzo yao na mitihani yao, kama Uhindi, ambako kuna sheria tangu 1973 na tume mpya iliyoundwa kwa sheria ya 2020. Angalau kule kuna daftari lenye majina. Lakini hapa ndipo ninapotaka watunga sheria wafungue macho. Lile jibu la "dalili zikizidi dawa imeanza kazi" si uongo wa tapeli asiyesoma. Ni fundisho la homeopathia tangu enzi za Hahnemann. Mwanafunzi anayelijua vizuri anafaulu mtihani! Mkimpima huyu mtu kwa kipimo cha wenzake tu, atapata cheti, na kesho atampa mwingine jibu lile lile.

Ninachotaka ni asajiliwe kwa wajibu wake kwa mgonjwa. Jina lake liwe kwenye daftari, na daftari lenyewe liseme wazi kwamba usajili hauthibitishi tiba. Aandike kila alichomwambia mgonjwa na nakala abaki nayo mgonjwa. Asijiite daktari kama si daktari. Asiguse dawa iliyoandikwa na daktari, si kupunguza wala kuacha, na akikiuka iwe jinai, isiwe faini ya leseni. Kwa mgonjwa anayezidiwa, neno lake la kwanza liwe hospitali. Na kuna magonjwa asiyatie mkono kabisa: Shirika la Afya Duniani lilishaonya mwaka 2009 dhidi ya kutumia homeopathia kwa virusi vya UKIMWI, kifua kikuu, malaria, homa ya mafua na kuhara kwa watoto wachanga. Orodha ya kuanzia ipo. Kisukari kinachohitaji insulini kiongezwe humo.

Kichupa ninacho hapa mezani. Kina jina la Kilatini na 30C. Jina la aliyekitoa halipo. Aliyewahi kufungua shauri la namna hii likasikilizwa, naomba aseme alianzia wapi na alishika ushahidi gani, maana dada ameshakubali kutoa maelezo.