Tupeane uzoefu: nani mwingine anashabikia timu ya mtaa inayofungwa kila Jumapili?

Mzee wa Maweni: Jana naingia jikoni, namkuta mke wangu anaepulia sufuria ya wali kwa jezi. Namba 4. Jezi yangu ya mwaka tuliomaliza ligi bila kushinda hata mechi moja! Nikataka kugomba, akaniuliza, "Kwani hii ilishinda nini?" Nikatoka nje. Tangu darasa la sita kila Jumapili niko pale uwanja wa Alaskan, viazi karai kwenye gazeti, jua la utosi, natazama vijana wetu wakifungwa. Niko peke yangu Malindi hii?

Pwani Tulivu: Hauko peke yako. Mimi hata gazeti la viazi nimelitia machozi.

Gunner wa Shella: Nyinyi mwalilia ligi ya mtaa? Mimi ni Arsenal. Agosti 2011, Old Trafford, Man United walitufunga 8-2. Niliingia ukumbini jua bado liko, nikatoka kiza, na mwenye ukumbi akanidai shilingi ishirini nilizomkopa.

Mzee wa Maweni: London si mtaa wako, bwana. Mimi aliyekosa penalti ndiye kinyozi wangu. Jumatatu ananishikia wembe shingoni na siwezi kumwambia kitu.

Gunner wa Shella: Maumivu hayana mtaa.

Mzee wa Maweni: Yana.

Harambee Damu: Mnagombana bure. Harambee Stars, Kombe la Afrika, Tunisia 2004: Senegal walitupiga 3-0, Mali 3-1, halafu tukishatolewa ndio tukawapiga Burkina Faso 3-0. Na penalti tulizotolewa na Madagascar, Agosti 2025, Kasarani. Naomba nisiulizwe.

Mwana wa Amu: Hayo yote mchezo. Sisi tulikwenda Faza, boti moya, watu ishirini na tatu na mpira wa kuazima. Nahodha wa boti alisema mapema, mechi ikipita saa kumi, kwenye mlango wa bahari wa Mkanda tutakuta maji yamekupwa. Refa naye alikuwa harusini, pilau haijaiva. Tukaanza saa tisa na nusu. Kufikia mapumziko tushakula nne. Kipa wetu jua lamwingia matoni, magoli mengine alijua yameingia akisikia vigelegele vya wanawake wa Faza. Saba bila. Tukaondoka hata miguu hatukuosha.

Mkanda, boti ikagusa mchanga mara moya. Ikagusa tena. Ya tatu ikakaa. Tukashuka kusukuma, tope magotini, haijongei. Nahodha akautupa upondo akasema, "Kaeni. Mai yatakuya yakitaka." Tukapwelewa. Saa nne, saa tano, mbu wa mikandaani wameshika zamu, na hakuna aliyesema neno na kipa. Yeye kakaa omoni, glavu bado mkononi. Usiku mzito nikasikia sauti yake: "La tatu lilikuwa ofsaidi." Kimya. Halafu nahodha, ambaye mechi yote alilala botini: "Wallahi hata mimi niliona. Ofsaidi." Boti nzima ikaanguka kicheko, mpira ukateleza ukaenda zake baharini.

Pwani Tulivu: 😂😂 Nimeamsha mtoto.

Dada wa Kipa: Huyo kipa ni kaka yangu. Hayakuwa saba, yalikuwa sita. Na glavu hakuwa nazo, alikuwa na soksi.

Mwana wa Amu: Dada, nilikuwepo. Saba.

Dada wa Kipa: La tatu lilikuwa ofsaidi, umesema mwenyewe. Hesabu.

Kijana Barani: "Moya" ndio nini? Andikeni Kiswahili.

Mwana wa Amu: Kiswahili kimeanzia kwetu, mwanangu. Kaa chini.

Mshela Ughaibuni: Salamu kutoka Chicago. Huku kuna timu ya besiboli, Cubs. Ilibeba ubingwa 1908, haikuuona tena mpaka 2016. Miaka 108! Wanasimulia kwamba 1945 mwenye baa mmoja alikwenda uwanjani na mbuzi wake, akatolewa, akailaani timu. Walipochukua kombe, watu waliandika kwa chaki kwenye kuta za Wrigley Field majina ya wazee wao waliokufa wakingoja. Nilisimama pale nikamkumbuka babu na timu yake ya Shela. Na Cleveland, Browns, timu ya futiboli ya Kimarekani, walipofungwa mechi zote 16 za msimu wa 2017, mashabiki walifanya maandamano wakauzunguka uwanja, duara, kama sifuri.

Kijana Barani: Sisi tukizunguka Alaskan hivyo tutaulizwa kibali.

Mama Mahamri: Mzee wa Maweni, hama timu. Umri umekwenda, presha hiyo.

Gunner wa Shella: Asihame! Akihama leo, kesho wanashinda.

Pwani Tulivu: Basi ahame, atusaidie.

Harambee Damu: Chinjeni mbuzi.

Mshela Ughaibuni: Mbuzi tena? Hamkusoma?

Mama Mahamri: Kwanza amnunulie mkewe vitambaa vya jikoni. Mengine Mungu anajua.

Mzee wa Maweni: Nimeshanunua. Jezi nimeiloweka, masizi hayatoki kwenye ile 4. Jumapili nitaivaa hivyo hivyo.

Dada wa Kipa: Na ule mpira wa kuazima ulilipwa?

Mwana wa Amu: Wavuvi wa Faza waliuokota. Mwezi wa pili yake tukarudi huko, wakatufunga nao. Tano.

Dada wa Kipa: Nne.