Mrejesho: kurekodi panya wa maabara gizani

Wakuu, niliuliza namna ya kufuatilia panya weupe usiku kwa kamera, maana mchana wanalala tu na taa ikiwaka wanajibanza kona. Aliyesema nitumie mwanga wa infraredi (ule ambao macho hayauoni ila kamera inaunasa), ubarikiwe. Panya hawauoni, wanazurura kama kawaida.

Kamera ya Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bei nafuu), ile isiyo na kichujio cha kuzuia infraredi, inatosha kabisa. Shida ilikuwa mng'ao: taa ikikaa jirani na lenzi, ukuta wa plastiki unarudisha doa jeupe na panya anapotelea humo. Taa zimehamia pembeni, kamera inatazama kutoka juu, mfuniko umetolewa. Maranda nayo yaliwaficha, kwa hiyo wakati wa kurekodi nawaweka kwenye boksi la sakafu nyeusi.

Upande wa programu nimebaki na DeepLabCut, inayofuatilia viungo vya mnyama kwenye video, ya bure, ya 2018. Unaweka alama mwenyewe puani, masikioni na shina la mkia kwenye picha kama 200 hivi za video, inajifunza kuvitambua yenyewe. Bila kadi ya grafiki, kompyuta inajikokota mno.

Panya mmoja, safi. Wakiwa wawili wakapandana, bado inawachanganya majina. Mwenye dawa ya hilo aseme.