Boksi la ea klina la kutengenezesha: bati, alumini au faiba?

Vumbi_Singida:
Wakuu habari. Nina Corolla AE110, injini 5A-FE. Boksi la ea klina, lile linaloshika filta ya hewa, limepasuka pembeni na mfuniko haushiki klipu tena. La mtumba nililolipata mjini lina ufa palepale, kwa hiyo nataka kutengenezewa jipya. Fundi bati yuko tayari kulikunja. Kijana wangu wa chuo anataka kuliprinti kwa plastiki ya PLA. Mimi nilifikiria alumini, ila nasikia inapasha hewa moto na gari linapungua nguvu. Barabara yangu ni vumbi kila siku. Nitumie nini?

Fundi_Gerezani:
Mkuu, PLA itoe kabisa. Inaanza kulegea kwenye nyuzijoto 60 hivi, na chini ya boneti, ukisimama juani injini ikiunguruma, joto linapita hapo. Boksi halianguki siku moja. Linapinda taratibu, mfuniko unaachia, vumbi linaingia na wewe hujui. Plastiki ya ABS angalau inavumilia hadi karibu 100.

Mimi ningekukunjia alumini ya milimita 1.5. Nyepesi, haili kutu. Kweli inapitisha joto kuliko plastiki, tena sana, lakini gari likitembea hewa inapita humo upesi, haipati muda wa kupata moto. Hewa ya moto inaletwa na mdomo wa boksi uliotazama nyuma ya rejeta au juu ya ekzosi. Uvute mpaka kwenye kona ya taa ya mbele.

Sasa nisikilize hapa. Kila siku naona watu wanabishana bati au alumini, na ukingo wa filta hakuna anayeuangalia! Nunua filta kwanza, ile ya kawaida ya dukani, ndipo boksi lipimwe kwayo. Ukingo uwe bapa, mfuniko ubane mpira wa filta pande zote nne. Vumbi likipenya hapo linasaga ringi na silenda, na injini inaanza kula oili. Upande wa injini usipige riveti hata moja. Ikichomoka, hakuna filta ya kuizuia.

Boti_Mwanza:
Usiisahau faiba, zile nyuzi za kioo zinazogandishwa kwa rezini. Wanaotengeneza boti wanaiweza, na umbo gumu linatoka vizuri. Ila rezini ya poliesta inayeyusha kalibu ya stairofomu, kwa hiyo tumia mbao au udongo. Ndani isuguliwe na ipakwe rezini tena, nyuzi zisibaki wazi zikavutwa na injini.

Vumbi_Singida:
Asanteni sana. Huku sijapata wa kuchomelea alumini. Bati je? Na ile sensa ndogo kwenye mfuniko?

Fundi_Gerezani:
Bati linafaa, milimita 0.8 hadi 1. Mishono ikunjwe na ilehemiwe. Asilichomelee kwa umeme: zinki iliyopakwa juu ya bati ikiungua inatoa moshi mweupe unaompa fundi homa, na hapo palipoungua ndipo kutu inaanzia. Ndani usipake rangi, ikibambuka inaingia kwenye injini. Silikoni yenye harufu ya siki iache, inakula bati. Tafuta iliyoandikwa ni salama kwa sensa.

Hiyo sensa inapima joto la hewa. Irudishe kwenye mfuniko na raba yake ya zamani, tundu liwe la kubana.

Likishafungwa, paka grisi nyembamba ndani ya boksi, upande wa injini, kuzunguka ukingo wa filta. Piga safari moja ya vumbi, fungua, pitisha kidole. Grisi ikiwa safi, endelea na kazi. Ukikuta mstari mwekundu wa vumbi mahali, hapo ndipo mpira haubani; nyoosha ukingo kabla hujaliwasha tena.