Uriki asidi 560: mlonge, choya na tangawizi, au alopurinoli ya kila siku?

Fundi_Makambako
Wakuu, naombeni uzoefu wenu. Nina miaka 47. Mwaka huu ni mara ya tatu naamka usiku kidole gumba cha mguu kimevimba, chekundu, hata shuka likigusa machozi yananitoka. Maumivu yalipotulia nikakaa wiki tatu, nikapima damu: uriki asidi, ile taka ya mwili iliyomo kwenye damu, mikromoli 560 kwa lita. Daktari kasema ni jongo, kaniandikia alopurinoli, nianze na miligramu 100 kwa siku. Nyumbani wananikataza kujifunga na vidonge vya maisha, eti kuna mlonge, choya, tangawizi na limau. Aliyetumia kimojawapo aseme alianza na ngapi akafika ngapi.

Mama_Shamba
Pole sana kaka. Mimi nachemsha tangawizi na manjano, vikombe viwili kila siku, na choya bila sukari. Mwaka jana nilibanwa, siku ya nane nikawa sokoni natembea vizuri. Sijapima tena, lakini mwenyewe naona nimepona.

Tabibu_wa_Zamu
Mimi ni tabibu wa kituo cha afya. Dada Mama_Shamba, nashukuru ulipata nafuu, ila kuna jambo linalowapoteza wagonjwa wengi: shambulio la jongo huisha lenyewe ndani ya wiki moja hadi mbili, hata usipotumia kitu. Chochote ulichokunywa siku zile kitapata sifa. Maumivu yanaondoka, fuwele, yaani chembe ngumu za uriki asidi, zinabaki kwenye kiungo.

Fuwele hizo hujengeka uriki asidi ikipita mikromoli 400 hivi. Tukitibu tunataka ishuke chini ya 360 na ibaki huko, ili zilizopo ziyeyuke polepole. Kwa hiyo Fundi, linganisha kwa namba. Kupunguza maini, figo, dagaa, bia na soda kwa kawaida hushusha mikromoli 60 hivi. Kwako ni kutoka 560 hadi 500. Mlonge na choya vimejaribiwa zaidi kwa panya, na tafiti za watu ni chache na ndogo. Tangawizi inaweza kutuliza maumivu kidogo, lakini hiyo ni kazi nyingine. Alopurinoli huzuia mwili kutengeneza uriki asidi, na dozi hupandishwa taratibu kwa kufuata kipimo mpaka ufike chini ya 360.

Mama_Shamba
Sawa tabibu, lakini mnadharau mitishamba. Babu zetu walitibiwa na nini?

Tabibu_wa_Zamu
Siidharau hata kidogo. Kolkisini, dawa tunayotoa wakati wa shambulio, asili yake ni mmea, ua la kolkikamu, lililotumika tangu enzi za kale. Lakini dozi inayodhuru iko karibu sana na dozi inayotibu, ndiyo maana leo kidonge kimoja huwa na nusu miligramu hivi tu. Kipimo hicho huwezi kukipata kwa kijiko.

Binti_wa_Tanga
Naomba niongeze. Baba yangu alinunua unga wa mitishamba wa "gauti", yaani jongo, kwa muuzaji wa stendi. Siku mbili tu, maumivu kwisha, tukamshukuru Mungu. Mwezi wa tatu uso umekuwa mviringo, sukari imepanda, na vidonda vya tumbo juu. Hospitali wakasema dalili ni za steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe. Leo tunahangaika na figo. Unga ukiua maumivu kwa kasi ile, tafadhali uogopeni.

Tabibu_wa_Zamu
Pole sana dada, na mpe mzee pole zangu. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kuhusu vidonge vya maumivu ya viungo vya Artri King vilivyouzwa kama vya asili. Ndani walikuta diklofenaki, dawa ya maumivu, na deksametasoni, ambayo ni steroidi, na kwenye lebo hazikuandikwa.

Mama_Shamba
Hilo limenigusa. Nitakwenda kupima Jumatatu. Ila choya siachi.

Tabibu_wa_Zamu
Usiiache dada. Mweleze tu daktari kama unatumia dawa za presha, maana choya nayo hushusha presha kidogo.

Fundi, miezi ya mwanzo ya alopurinoli jongo linaweza kukushambulia tena kwa sababu fuwele zinatikisika. Usiache dawa, omba kinga ya kolkisini ya dozi ndogo. Lakini ukiona vipele mwilini au vidonda mdomoni, acha siku hiyohiyo ukimbilie hospitali.

Fundi_Makambako
Asanteni sana. Nimeamua kuanza vidonge, tangawizi nitakunywa kama chai. Umetaja presha, mkuu: mimi nina mwaka wa pili kwenye kidonge cha presha kile cha kukojoza, haidroklorothiazaidi. Kina shida?

Tabibu_wa_Zamu
Hicho hupandisha uriki asidi. Usikiache mwenyewe, presha italipuka. Rudi kwa daktari na boksi lake mkononi, umuulize kama anaweza kukubadilishia losartani, dawa nyingine ya presha, ambayo yenyewe hushusha uriki asidi kidogo. Fanya hivyo wiki hii, kabla hajapandisha dozi ya alopurinoli.