Likizo ndefu na mtoto mwenye usonji nyumbani: mnafanya nini kutwa nzima? Tupeane uzoefu

MamaMistari:
Wakuu, shule zimefungwa Ijumaa, leo Jumanne, na mimi nimeshachoka kama vile likizo imekwisha. Kijana wangu ana miaka 7, ana usonji (autism), maneno yake ni machache. Jana kaamka mwenyewe, kavaa sare, kabeba begi, kasimama mlangoni. Namwambia leo hakuna shule, ni likizo. Sasa "likizo" atalijuaje, halishikiki wala halionekani. Kasimama pale karibu saa nzima, halafu akaanza kugonga kichwa mlangoni.

Nilikuwa nimejiandaa, jamani. Nimenunua penseli za rangi, nimechapisha picha za kupaka. Picha hajazitazama hata moja. Penseli kazipanga mstari mmoja kutoka sebuleni hadi mlango wa choo. Dada yake kapita, kagusa moja kwa mguu, ikaviringika. Yaliyofuata mnayajua.

Sitaki nadharia. Nipeni mlichofanya wenyewe, na kilichowashinda pia.

MzeeWaKona:
Wangu ana 9. Sare hiyo hiyo, mlango huo huo. Nafuatilia.

BiRatiba:
Pole sana dada. Hiyo sare ndiyo ilikuwa saa yake. Shule ikifungwa, wewe unaona amepata mapumziko, yeye anaona siku imeng'olewa nguzo.

Mimi nilitengeneza ratiba ya picha. Mara ya kwanza nilitumia michoro ya katuni, akaipuuza kabisa. Kikombe cha katuni si kikombe chake! Nikapiga picha kwa simu vitu vyetu wenyewe: mswaki wake, bembea yetu, beseni letu, kitanda chake. Nikabandika kwenye boksi kwa velkro, ule utepe wa kushikana na kubanduka, picha 5 tu kwa asubuhi. Kitu kikiisha anabandua mwenyewe anaitia mfukoni. Pembeni nikaweka kalenda, siku ya kufungua shule nikabandika picha ya geti la shule. Kila jioni tunakata siku moja. Kusimama mlangoni kuliisha kwenye siku ya 4 au ya 5.

Kilichonishinda: siku picha ilisema bembea na mvua ikanyesha. Nusura nihame nyumba. Sasa nina kadi moja yenye alama ya kuuliza, maana yake "hapa kuna mabadiliko". Nilianza kuitumia kwa mabadiliko matamu kwanza, kitu anachokipenda kinaingia ghafla. Akishaizoea ndiyo unaitumia siku ya mvua. Ukianza na mvua umeiharibu.

KakaMkavu:
Ratiba kwenye likizo? Mtoto mwacheni alale, apumzike. Mnageuza nyumba kambi.

BiRatiba:
Una mtoto mwenye usonji?

KakaMkavu:
Nina mpwa.

BiRatiba:
Kaa naye wiki moja, mama yake asiwepo, halafu rudi tuongee.

FundiBeseni:
Maji. Beseni, vikombe vitatu, sponji, faneli. Binti yangu anamimina saa mbili bila kuchoka.

Ila nikiri kosa langu. Nilitaka maji yawe somo. "Hesabu vikombe. Hii rangi gani?" Akawa ananyanyuka anaondoka. Siku moja nikafunga mdomo, nikachukua beseni langu, nikakaa hatua mbili kutoka kwake, nikamimina ya kwangu. Hakuniangalia. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya 4 akanyoosha mkono akanipa kikombe chake bila kugeuza uso. Nilisingizia maji yameniingia machoni.

BabaPacha:
Tableti. Msinihukumu.

ShangaziTulivu:
FundiBeseni, umenigusa pabaya kwa hayo maji. Sijawahi kuisimulia hii mahali popote.

Ilikuwa likizo kama hii, nyumba imejaa ndugu. Mwanangu alikuwa na miaka 6. Watu wazima 8 ndani ya nyumba, na kila mmoja anajua mwenzake anamwangalia. Mgeni mmoja aliingia, geti likabaki limeegeshwa. Nilipotoka jikoni nikauliza yuko wapi, watu wakatazamana.

Tulikimbilia barabarani. Tukachungulia chini ya vitanda, ndani ya kabati, nyuma ya tangi. Watu wanaita jina lake kwa sauti kubwa. Yeye haitikii jina hata ukiwa umekaa naye! Dakika zinakwenda, na mimi nazunguka eneo lile lile kama kuku. Jirani mmoja mzee hakukimbia popote, akanishika bega akaniuliza, "Anapenda nini?" Nikasema maji. Akasema, "Sasa barabarani tunatafuta nini?"

Nyuma ya nyumba za mtaa kulikuwa na shimo la ujenzi lililojaa maji ya mvua. Tulimkuta kakaa ukingoni. Viatu kavua, kavipanga pembeni, pea imenyooka kabisa. Miguu ndani hadi magoti, anatupa vijiwe kimoja kimoja. Nilikaa chini, miguu haikunibeba tena. Akanigeukia akasema sentensi ya kwenye katuni anayoirudiarudia kila siku, "Tumefika, abiria wote washuke." Halafu akaendelea na vijiwe vyake.

Tangu siku hiyo: komeo liko juu asikofika, mlango una kengele, mkononi ana bangili yenye namba yangu. Na tuna kofia. Wageni wakija, anayevaa kofia ndiye mlinzi, haivui mpaka amvalishe mwingine kichwani na huyo mwingine aseme "nimepokea". Watu hucheka. Wacheke. Na akipotea tena, Mungu apishe mbali, tunaanza kwenye maji, barabara baadaye.

MzeeWaKona:
Hii nimeisoma nimesimama.

JichoLaUsiku:
Hiyo kengele ya mlangoni ni ya aina gani?

HakimuMkuu:
Samahani lakini watu wazima 8 mtoto anatoka, huo ni uzembe. Tusipambe.

FundiBeseni:
We hakimu, umeombwa hukumu na nani?

NesiMstaafu:
Ngoja nimjibu. Mwaka 2012 jarida la Pediatrics lilitoa utafiti uliofanyika Marekani: asilimia 49 ya watoto wenye usonji walikuwa wamejaribu kutoroka angalau mara moja baada ya kutimiza miaka 4. Ni karibu nusu. Kati ya waliopotea, karibu robo walikuwa kwenye hatari ya kuzama. Wazazi wote hao ni wazembe? Mtoto hatoroki kwa sababu hapendwi, anafuata kitu anachokipenda au anakimbia kinachomuumiza. Nyumba ikijaa watu na kelele, anapata sababu zote mbili kwa mpigo. Mfundisheni kuogelea mapema, lakini komeo msilitoe.

HakimuMkuu:
Sawa. Nimesikia.

TibaAsilia21:
Usonji unatibika kabisa kwa siku 21, nifuate inboksi. Chanzo ni chanjo.

NesiMstaafu:
Usonji si minyoo. Na ile makala ya daktari Mwingereza, Wakefield, ya mwaka 1998 iliyoanzisha hayo ya chanjo ilikuwa ya watoto 12 tu, jarida la Lancet likaifuta mwaka 2010, na mwenyewe akafutiwa usajili wa udaktari. Turudi kwenye likizo.

NyukiKimya:
Mimi ni mtu mzima mwenye usonji, naongea nikiwa upande wa mtoto. Michezo mingi niliyoandaliwa ilikuwa kelele juu ya kelele. Likizo yangu bora nilikaa chini ya meza, kitambaa kimening'inia pande zote, tochi, na kopo la vifungo vya nguo. Nikavipanga kwa ukubwa, kisha kwa matundu. Waliona nimejitenga. Mimi nilikuwa na sherehe.

Mwacheni apeperushe mikono. Na kabla ya kuwasha blenda, mwambieni.

MamaWawili:
Blanketi zito, lile lililotiwa uzito ndani, limetusaidia sana, anatulia kabisa.

BabaPacha:
Letu kalitupa dirishani.

NyukiKimya:
Mimi nalipenda, sharti niweze kulivua mwenyewe. Usimfunike asiyeweza kujifunua, hasa mdogo.

DadaMkubwa:
Mnamwongelea mtoto wa penseli. Mimi nimemkumbuka yule dada aliyegusa kwa mguu. Nilikuwa yeye. Likizo nzima "usiguse, usipite, shusha sauti, mwelewe mwenzio". Nilimwelewa sana, hakuna aliyeuliza kama nami naeleweka. Mama alipokuja kunipa nusu saa yangu kila jioni, mlango umefungwa, nilianza kumpenda kaka yangu bila kuagizwa. MamaMistari, penseli alipogusa, ulimfokea nani?

MamaMistari:
Yeye. Nilimfokea yeye. Nimefunga simu, nimekwenda chumbani kwake.

MamaMistari:
Narudi, leo ni siku ya 9. Ratiba ya picha tumeibandika, sare nimeificha lakini begi nimemwachia, analala nalo. Penseli sijazizuia tena. Juzi nilikaa chini nikaongeza moja mwishoni mwa mstari. Akaitoa, akaitazama, akaipeleka katikati. Nilikuwa nimekosea, anapanga kwa urefu! Mimi siku zote nilidhani ni rangi. Dada yake ndiye aliyegundua, sasa anachonga penseli fupi zaidi na kumpelekea, naye anazipokea. Mstari umekata kona umeingia jikoni. Kwenda chooni tunaruka.

MzeeWaKona:
Kwa urefu! Ngoja nikaangalie ya kwangu.

KakaMkavu:
Mpwa wangu yuko kwangu tangu juzi. BiRatiba, hiyo velkro wanauza kwa mita au kwa pakiti?

BiRatiba:
Karibu kambini, kaka. Kwa mita.

JichoLaUsiku:
Kengele ya mlango jamani. Niliuliza, hamjanijibu.