Land Rover Series IIA: ninunue gari bovu zima nilichinje, au spea moja moja?

Spana17
Wakuu, naomba mawazo. Nafufua Series IIA ya 1966. Giaboksi inalia, na ule ukuta wa bati kati ya injini na miguu ya dereva umeliwa na kutu. Nimepata Series III nzima isiyowaka, ina makaratasi. Mtu mwingine ana giaboksi ya IIA peke yake, imelala sakafuni. Au niagize vipya vya kuiga?

BintiGrisi
Chukua zima. Utapata vile vidude ambavyo muuza spea hakupi kamwe: mabano, vijibomba, boliti zenyewe. Halafu Series III ina sinkro (vile vipete vya shaba ya njano vinavyofanya gia iingie bila kukwaruza) kwenye gia zote 4 za mbele, yako ni gia ya 3 na ya 4 tu. Ila ile silinda ya chini ya klachi (inayopokea msukumo wa pedali) kwenye III imefungwa kwenye kasha la klachi, yako iko pembeni inasukuma mkono wa chuma. Hamisha mfumo wote, ukichukua nusu utarudi.

Mkongwe_wa_Gereji
Binti, kwenye giaboksi nakuunga mkono. Ukuta je? IIA geji ziko katikati ya dashibodi, III walizihamishia mbele ya dereva. Anayejua magari haya atagundua kabla hujazima injini. Na nenda na sumaku, kijana. Mabati ya bodi ni aluminiamu, sumaku haitashika, usishtuke. Ukuta na chesisi ni chuma. Sumaku ikishika kwa kusitasita, hapo kuna puti chini ya rangi.

Spana17
Asante mzee. Hiyo ya sakafuni nitajuaje ni IIA kweli, na kwamba ni nzima?

Chuma_Kijani
Namba imegongwa kwenye kasha lenyewe, isugue kwa brashi ya waya. Herufi ya mwisho ndiyo inaonyesha toleo, usiiache. Kisha mwaga oili yake kupitia kitambaa cheupe. Uji wa kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vumbi la njano linalometameta ni sinkro inakwisha. Ukiona kipande chenye kona, hilo ni jino, funga mazungumzo.

Jambo jingine ni nyuzi. Magari haya yana viwango viwili vya nyuzi za boliti, BSF na UNF, vimechanganyika. Boliti ya inchi 5/16 ya BSF ina nyuzi 22 kwa inchi, ya UNF 24. Nati inaingia mzunguko mmoja, miwili, kisha inakaza. Mimi niliongeza nguvu nikidhani ni uchafu. Nyuzi zote za kwenye kasha la aluminiamu zikatoka na boliti kama shanga.

Mkongwe_wa_Gereji
Vipya vya kuiga: hosi za breki, sili, mipira. Hivyo mtumba usiguse. Lenzi za taa na vipini, mimi bado natafuta vya zamani hata kama vimepauka.

Spana17
Nimerudi na sumaku. Ukuta wa Series III ni puti tupu mpaka kwenye nguzo ya mlango. Wangu nitaukata na kuchomelea. Giaboksi ya sakafuni oili yake ni kijivu, naichukua. Muuzaji anasema mkono wa klachi “upo mahali fulani”.

BintiGrisi
Usilipe mpaka uushike.